Taa ya Nyuma

Pale kiwanda cha mikate walimwita Bwana Taa, na hakuna aliyeweza kusema jina hilo alibambikiwa. Alilitafuta mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwa miaka ishirini na mitatu alipeleka mikate madukani kwa baiskeli, akitoka saa kumi alfajiri giza likiwa bado zito, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanguka, kugonga wala kugongwa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kimyakimya akaendelea na safari zake. Yeye alishukuru, kisha akaanza kufundisha.

Tumpe haki yake, mafundisho hayakuwa ya kubahatisha. Ukitoka ndani ya kiwanda, ambamo taa ni kali na tanuri zinawaka, usipande baiskeli papo hapo. Simama nje ya geti, uhesabu taratibu hadi mia, macho yazoee giza. Vaa shati jeupe, hata kama mkeo atalalamika kulifua. Gari likikujia na taa zake kali usizitazame, maana ukizitazama utakuwa kipofu kwa muda wa kutosha kuingia mtaroni. Tazama ukingo wa barabara upande wako, uufuate huo mpaka gari lipite. Usikimbie kuliko mwanga wa taa yako unavyofika. Na juu ya yote, dainamo. Hapo alikuwa anapandisha sauti. Dainamo ni kile kidude kinachobanwa kando ya gurudumu. Tairi likikizungusha kinatoa umeme wa taa ya mbele na ya nyuma, na kila mpanda baiskeli anajua kwamba kikigusa tairi pedali zinakuwa nzito kidogo. Kwa hiyo wavivu hukibandua. Neno hilo, "wavivu", Bwana Taa alilitoa mdomoni kama mtu anayetema kokwa.

Halafu, kila alipoajiriwa mpanda baiskeli mpya, alimalizia na habari ya Mluzi.

Mluzi alikuwa mwenzao, aliyeitwa hivyo kwa sababu alipiga mluzi njia nzima hadi wenye maduka wakawa wanafungua milango kabla hajagonga. Alfajiri moja, miaka saba nyuma, akiwa anapeleka mikate, gari lilimgonga kutoka nyuma kwenye barabara ya hospitali, akafia pale pale. Katika watu wa kiwanda, Bwana Taa ndiye aliyefika wa kwanza. Aliinama akaikagua baiskeli, akaikuta dainamo imebanduka, haigusi tairi. Dereva naye, amesimama kando ya barabara, alikuwa anarudia neno moja tu, kwamba hakuona kitu. Bwana Taa akayaunganisha hayo mawili akapata jibu: Mluzi alibandua dainamo ili apate wepesi, akaenda gizani bila taa. Jibu hilo aliwapa polisi, akampa mwenye kiwanda, akalisema msibani kwa watu wote, kwa nia njema kabisa, wengine wapate kujifunza.

"Mwenzetu alitaka pedali nyepesi," alikuwa akiwaambia wapya. "Leo hakanyagi pedali yoyote."

Wapya waliinamisha vichwa. Somo lilitolewa stoo, na ukuta wa stoo ni wa mbao nyembamba, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko iliko meza ndefu ya kufungashia mikate. Kwenye meza hiyo, tangu miezi mitatu baada ya mazishi, alifanya kazi mke wa Mluzi. Kila mpya alipofundishwa, mjane alisikia neno kwa neno namna mumewe alivyokuwa mvivu. Siku zile za msiba alimwambia Bwana Taa kwamba alimsindikiza mumewe hadi mlangoni, na aliiona taa ya nyuma ikiwaka hadi alipokata kona. Bwana Taa alimjibu kwa upole mkubwa kwamba hapo konani bado ni nyumbani, na barabara ni ndefu, na mtu akifiwa kichwa hakitulii. Baada ya hapo mjane hakuongeza neno. Alimsalimu kila siku, "Habari za kuamka, shemeji," akaendelea kufungasha. Bwana Taa alikichukulia kimya chake kuwa ni kukubali, na kusema kweli wengi wetu tungefanya hivyo hivyo, maana ndicho kilichokuwa rahisi.

Sasa, siku moja Bwana Taa alirudi nyumbani asubuhi akiwa amevimba kwa hasira. Alimweleza mkewe, mshonaji, aliyekuwa kwenye cherehani tangu kupambazuka, kwamba alfajiri hiyo nusura auawe. Lori lilimjia kutoka nyuma, likafunga breki kwa kishindo, likakwepa likapita ubavuni mwake karibu kiasi kwamba upepo wake ulimyumbisha. Mlevi, alisema. Mlevi au kipofu, mtu wa kunyang'anywa leseni. Yeye mwenyewe alikuwa upande wake wa barabara, shati jeupe, taa zote mbili zinawaka.

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Alikuja nyuma yako. Sasa ulimwonaje kuwa amelewa, una macho kisogoni?"

Bwana Taa alimjibu kwamba mambo mengine hayahitaji kuonwa. Akaenda kulala.

Saa kumi jioni akaja mkwewe, mume wa binti yao mkubwa, dereva wa lori la mboga. Hiyo yenyewe ilikuwa ajabu, kwa sababu mkwe huyu hakuwa mtu wa kuja bila mkewe, na mbele ya baba mkwe alikuwa na adabu ya kumfanya hata kiti akikalie nusu. Alitoa shikamoo mara mbili. Alikataa chai. Aliuliza habari za afya, za kazi, za cherehani, akamaliza habari zote zinazoulizika, akabaki anaikunja na kuikunjua kofia yake. Mama mkwe akamwonea huruma akamwambia aseme lililomleta.

"Baba," alisema akitazama sakafu, "lile lori la leo alfajiri, dereva ni mimi."

Si rahisi kumnyang'anya leseni baba wa wajukuu zako.

Mkwe akaendelea kwa mafungu mafungu, kila fungu likitanguliwa na "unisamehe". Hakuwa amelewa. Hakuwa na usingizi. Barabara ilikuwa tupu na nyeusi, na kwa ghafla mbele yake, karibu mno, palikuwa na kitu kama ukuta, kimesimama katikati ya giza bila taa wala rangi. Alikwepa bila kujua anakwepa nini. Ni pale alipopita ubavuni ndipo taa zake zilipomwangazia mtu, akaona shati, akamjua. Alikwenda kusimamisha lori mbali mbele, baada ya kona, akashuka, akaona haya kurudi.

"Taa yangu ilikuwa inawaka," Bwana Taa alisema.

"Unisamehe baba. Sikuona taa."

Sasa hapo ndipo mzee alipopandwa na hasira. Alieleza, kwa sauti ya stoo, jinsi anavyokagua taa kila alfajiri ya Mungu. Anaiweka baiskeli kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, anazungusha pedali kwa mkono, anaona kwa macho yake taa ya nyuma ikiwaka nyekundu kwenye madigadi. Akisharidhika ndipo sanduku linapofungwa kwenye keria na mikate kupangwa, kwa sababu sanduku likishajaa huwezi tena kunyanyua gurudumu. Hivyo ndivyo alivyowafundisha wote, na wote ndivyo wanavyofanya.

Mkwe aliitikia kila neno. Kisha akauliza, kwa adabu ile ile, kama sanduku liko hapa.

Lilikuwepo, uani, limefungwa kwenye baiskeli, maana kwa hasira ya asubuhi hakuliacha kiwandani kama kawaida. Wahenga wana msemo wao kuhusu nyani na sehemu yake ya nyuma, lakini sitautaja hapa kwa heshima ya mzee. Walisubiri jua lizame. Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia ndefu iliyonyooka, isiyo na taa ya mtaa, na giza liliposhika mkwe alipanda baiskeli akaondoka nayo taratibu, Bwana Taa akiwa amesimama na mikono kiunoni, mkewe kando yake. Hatua kumi walimwona, kwa mwanga wa dirisha lao. Hatua ishirini waliona kichwa tu. Baada ya hapo walisikia mlio wa dainamo ikisaga tairi, na hawakuona kitu.

"Washa taa!" Bwana Taa alipaza sauti.

"Inawaka, baba," giza likamjibu.

Alikwenda kwa haraka, karibu akimbie. Alimwambia mkwe anyanyue baiskeli kwa kuishika keria, kwa kuwa sanduku halikuwa na mikate, akazungusha pedali, akainama mpaka shavu likagusa gurudumu. Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka vizuri tu, nyekundu, safi, inaliangaza bati la sanduku kwa ndani. Ukuta wa nyuma wa sanduku uliteremka chini ya keria, ukapita mbele ya taa, ukashuka tena kiasi cha shubiri moja. Na juu ulifika mabegani mwa mpanda baiskeli, kwa hiyo lile shati jeupe nalo, lililofuliwa kwa malalamiko miaka yote hiyo, lilikuwa upande wa mbele wa sanduku. Sanduku lenyewe lilipakwa bluu iliyoiva, rangi ya kiwanda.

Mtu angeweza kuuliza ilikuwaje wapanda baiskeli tisa wasione jambo kama hilo. Jibu ni jepesi. Uani mwa kiwanda kuna taa kubwa juu ya geti, na chini ya taa hiyo kila kitu kinaonekana. Wakishatoka getini kila mmoja ana njia yake, hakuna anayemfuata mwenzake. Wanaowaona kwa nyuma ni madereva, na madereva husema hawakuona kitu, na hakuna anayewaamini.

Mkwe alikuwa amefarijika kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alianza kueleza jinsi ya kuifungua taa na kuihamishia nyuma ya sanduku, kwamba waya mita moja unatosha, kwamba angeweza kuifanya usiku huu huu. Bwana Taa hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshika ukingo wa sanduku kwa mikono miwili.

"Mama watoto," alisema, "haya masanduku tuliyatengeneza lini?"

Mkewe alijua lini. Zamani masanduku yalikaa juu ya keria, madogo, na kwenye kona yalikuwa yanapepesuka na mikate kumwagika. Bwana Taa ndiye aliyefikiria sanduku refu linaloning'inia kwa nyuma, uzito ukae chini. Alikwenda mwenyewe kwa fundi bati, akamchorea kwa chaki sakafuni. Mwenye kiwanda alimsifu mbele ya watu. Mkewe alikumbuka kwa sababu ndio mwaka aliomshonea mashati mapya, na alikumbuka mashati kwa sababu la kwanza alilivaa kwenye mazishi ya Mluzi.

"Miezi miwili kabla," mkewe alisema polepole, kisha naye akaelewa, akamshika mkono.

Usiku ule taa ilihamishwa. Mkwe alifunga waya, mama mkwe alishika kurunzi, na Bwana Taa alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani akiwa hana msaada wowote. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya kuonekana mjinga mbele ya mkwe, hiyo angeizoea. Aliyafikiria maneno yake. Alijaribu kuyahesabu, mara ngapi amesema stoo kwamba Mluzi alikuwa mvivu, akashindwa. Dainamo imebanduka, sawa, aliikuta imebanduka. Lakini baiskeli iliyogongwa na gari hubanduka vitu vingi. Usukani ulikuwa umepinda siku ile, na hakusema Mluzi aliupinda usukani. Aliwaza kwamba angeweza kuzihamisha taa nyingine nane kesho, kimyakimya, akasema ni utaratibu mpya, na wapanda baiskeli wangekuwa salama, na yeye angebaki Bwana Taa. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa ijulikane.

Saa nane usiku aliinuka akaenda kazini kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Wapanda baiskeli huingia saa tisa na nusu. Wafungashaji huanza mapema, na mjane alikuwa peke yake mezani, mikate ya kwanza bado ina moto, anaifunga kwa karatasi na kuipanga.

"Habari za kuamka, shemeji," alisema bila kuinua macho.

"Sijalala," alisema Bwana Taa.

Alimweleza. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalimtoroka, akaeleza kama yalivyokuja: lori la mkwe, njia ya giza, sanduku, taa inayoangaza bati. Alisema sanduku alilibuni yeye. Alisema hajui kama Mluzi alibandua dainamo, na hakuwahi kujua, alidhani tu akasema kama mtu aliyeona. "Pengine ilibanduliwa na gari. Lakini hata kama taa yake ilikuwa inawaka, shemeji, hakuna dereva ambaye angeiona. Niliifunika mimi."

Mikono ya mjane iliendelea kufunga mkate mmoja hadi mwisho, ikauweka pamoja na mingine, kisha ikatulia juu ya meza. Bwana Taa alisubiri atukanwe. Angependa kutukanwa.

"Niliiona ikiwaka akitoka nyumbani bila sanduku," mjane alisema. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ukasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Mwanzo nilikukatalia moyoni. Halafu nikasikia unawaambia hawa, na hawa, na wale wengine, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Nikasema basi, mzee huyu anajua taa kuliko mimi." Alipangusa unga usiokuwepo mezani. "Nikakuamini wewe. Nimemkasirikia mume wangu miaka mitano, shemeji. Nilikuwa namwambia usiku, kwa ajili ya pedali tu, umetuacha kwa ajili ya pedali."

Machozi yalimtoka Bwana Taa, akayaacha yatoke.

Mjane hakulia. Alikuwa ameshalia kwa mambo yasiyokuwepo, na sasa hakujua aanzie wapi. Alimuuliza kama wapanda baiskeli wameshaambiwa.

"Bado. Nimeanza kwako."

"Waambie kwa sauti ile ile. Kupitia ukuta huu nitakusikia."

Aliwaambia. Walipofika wote wanane aliwaweka stoo akawaeleza habari ya Mluzi upya, kuanzia kwa fundi bati, na hakujificha nyuma ya neno lolote. Mmoja alicheka kidogo mwanzoni, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Halafu akawakataza kutoka. Kwa mara ya kwanza mikate ilichelewa, kwa sababu taa nane zilipaswa kufunguliwa na kufungwa upya kwa waya uliokuwa haufiki, na mwenye kiwanda alipopiga simu kuuliza kulikoni, Bwana Taa alimwambia kuna kosa lake yeye analirekebisha, na atamweleza kosa lenyewe akija. Kazi ilipokwisha jua lilikuwa limeshatoka, na taa hazikuhitajika tena siku hiyo. Waliondoka mmoja mmoja, na wa mwisho kuondoka alipaswa kuwa yeye.

Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, amefunga kanga yake kiunoni.

"Mwanangu yuko darasa la sita," alisema. "Wenzake humwambia baba yake alikufa kwa uvivu. Wamesikia kwa baba zao, na baba zao wamesikia kwako. Anatoka shule saa saba, anapitia hapa."

"Mwambie," Bwana Taa alisema. "Mwambie nimekosea."

"Mimi simwambii. Mimi ndiye niliyemwambia ni kweli."

Bwana Taa akaelewa. Aliishusha mikate yake, akamwomba mpanda baiskeli aliyerudi wa kwanza ampelekee, akachukua benchi la stoo akaliweka nje karibu na geti, mahali ambapo mtoto akitoka shule hawezi kupita bila kuonana naye. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Mjane alimwambia anaweza kwenda nyumbani akapumzike, arudi baadaye, bado saa nyingi. Akasema hapana, atangoja hapo hapo.